Semina Niliyochangia kwa Bidii

Jamani, hili nawaambia ninyi tu. Nimekuja London kwa muhula mmoja kutoka chuo chetu cha Dodoma, na mwalimu wa somo la familia alishatutisha mapema: asiyezungumza kwenye semina hapati maksi.

Juzi nilichelewa. Nikajitosa kwenye chumba nilichodhani ndicho. Watu wachache walikuwa wameketi kwa duara. Mama mmoja alikuwa akisimulia jinsi nyumba ilivyopooza tangu mumewe aondoke, na wenzake wakamwitikia mmoja baada ya mwingine. Nikajua huo ndio mfano wa kujadili. Wote walikuwa wameshachangia isipokuwa mimi. Nikanyoosha mkono.

“Naona maelezo yake hayajitoshelezi,” nilisema kwa Kiingereza nilichokipanga kichwani. “Hatujasikia upande wa mume.”

Wote wakanikazia macho. Nikadhani nimewagusa. Yule mama akajifunika uso kwa kitambaa.

Mwongozaji akanigeukia, akasema kwa upole, “Karibu. Hiki ni kikundi cha waliofiwa. Wewe umefiwa na nani?”