Kastabini Nyuma ya Ukuta

Shule yetu ina siku yake ya kuwashukuru wanaojitolea. Viti vya plastiki hupangwa uwanjani, kipaza sauti huazimwa, na watu waliotuletea rangi ya milango husimamishwa na kupigiwa makofi. Fundi cherehani hakuwahi kusimamishwa. Saa hizo alikuwa chumbani kwake chini ya ngazi, akiwasikiliza wakisoma watoto waliotushinda sisi tuliosomea ualimu, na nadhani makofi yale aliyasikia akadhani ni mvua. Naandika habari zake kwa sababu nina hasira. Naandika pia kwa sababu ya mambo yaliyotokea baada ya kufa kwake, ambayo mpaka leo sina maelezo yake yote.

Alikuwa mjane, mfupi, mwenye miwani iliyofungwa kwa uzi mweusi upande mmoja, na utepe wa kupimia ukining'inia shingoni hata siku ambazo hakuwa na mtu wa kumpima. Kibanda chake kilitazamana na geti la shule. Kusoma alijifunza ukubwani, kwenye majarida ya mitindo ya nguo, kwa kuwa alichoka kushona magauni ambayo maelezo yake aliyakisia kwa picha. Siku ya kwanza kuingia shuleni alimletea mjukuu wake viatu alivyovisahau. Akamkuta mtoto mwingine amesimamishwa nje ya darasa kwa kushindwa kusoma. Akaketi naye ngazini. Mjukuu alimaliza shule, akahama mji, akaolewa, bibi hakuondoka. Kila siku baada ya chakula cha mchana, jua linapowafukuza wateja, alifunga kibanda, akavuka barabara, akajifungulia kile chumba kilichokuwa stoo ya madawati mabovu. Kilikuwa na dirisha moja dogo lililotazama ukuta, na kilinuka chaki na mafuta ya cherehani.

Njia yake ya kufundisha ilikuwa hii: hakumtazama mtoto anayesoma. Aliinamia sare zilizochanika, akashona, naye mtoto akasoma. Kidoleni alivaa kastabini, kile kikofia cha chuma kinachokinga ncha ya kidole isichomwe na sindano. Mtoto akikosea, aligonga ukingo wa meza: ngo. Mara moja tu, bila kuinua uso. Mtoto alirudi nyuma mwenyewe, akatafuta alipopotea.

Nilimuuliza siku moja, "Mama, kwa nini usimwambie tu alipokosea?"

"Mwanangu, mshono ukienda upande nikaufumua mimi, nani kajifunza? Afumue mwenyewe."

"Na kwa nini humtazami?"

"Wewe hebu funga vifungo vya blauzi huku mtu amekukodolea macho, uone kama hukuruka kimoja."

Ukuta wa chumba kile ndio ukuta wa darasa langu. Ngo ile tuliizoea kama watu wanavyozoea saa ya ukutani. Ilikuwa ikisikika hata hatuisikii.

Miongoni mwa watoto wake alikuwamo binti mmoja ambaye wenzake walimwita Bubu. Mimi jina hilo sikulitumia na sitalitumia. Hakuwa bubu, alikuwa amechekwa mara nyingi mno hadi akaufunga mdomo kama duka la mtu aliyefilisika. Alilelewa na shangazi yake, muuza ndoo na mabeseni, mwanamke mkavu wa maneno lakini si mbaya. Binti alikwisha kurudishwa darasa la chini zaidi ya mara moja. Mwalimu Mkuu alitangaza kwamba muhula huu atampima mwenyewe, na akishindwa atarudishwa tena. Shangazi alinifuata akaniambia wazi.

"Mwalimu, safari hii wakimrudisha, namtoa. Akae dukani anipangie ndoo. Ndoo hazimcheki."

Kwa hiyo jambo lilikuwa hilo moja: asome mbele ya mkuu, au shule iishe.

Kwa fundi cherehani tu ndiko alikofungua mdomo. Bibi alimtania kama bibi anavyomtania mjukuu. "Haya, mke mwenza, mume wetu tulimwacha wapi jana?" Mume wetu ni kitabu. Kisha nilisikia, kupitia ukuta, kicheko cha mtoto ambacho darasani sikuwahi kukisikia, na sauti nyembamba ikianza kusoma.

Wakati wa likizo fundi cherehani aliugua kifua akafa. Kutoka shuleni tulikwenda kumzika mimi na mlinzi wa geti. Mwalimu Mkuu alituma pole kwa simu. Shule ilipofunguliwa alituzuia kuwaambia watoto. "Tusiwatie simanzi mwanzo wa muhula," akasema, na nilitambua kwamba kilichomsumbua si simanzi, ni kulazimika kueleza mtu yule alikuwa nani. Wanawe walipekua kibanda chote. Ufunguo wa chumba cha chini ya ngazi haukuonekana. Kastabini nayo haikuonekana.

Mwalimu Mkuu alitoa na agizo jingine. Wakati wa kipindi cha kusoma, yule binti akae kwenye benchi nje ya ofisi, asiwacheleweshe wenzake, mpaka siku ya kupimwa.

"Huko ni kumfundisha au kumwanika?" nilimuuliza.

"Mwalimu, wewe una moyo laini. Shule haiendeshwi kwa moyo."

Nilikwenda mpaka kwa kamati ya shule. Kamati ilisema mkuu ndiye mkuu. Binti akatolewa.

Siku ile ile, mtoto wa dawati la mbele alisimama kusoma. Alisoma vizuri, kisha akaruka mstari.

Ngo.

Akarudi nyuma, akausoma mstari alioruka, akaendelea. Hakuna mtoto aliyeinua kichwa. Kwao hakukuwa na jipya. Lakini mimi nilikuwa nimetupa udongo kaburini kwa mkono huo huo ulioshika chaki, na chaki ilianguka.

"Nani amegonga?" nikauliza.

"Bibi."

"Bibi gani?"

"Mwalimu naye! Bibi Kastabini. Kwani tuna bibi wangapi?" Darasa zima likacheka.

Nilitoka nje nikaujaribu mlango wa chini ya ngazi. Ulikuwa umefungwa kwa ufunguo. Niliweka sikio. Hakukuwa na sauti, ila katika upenyo wa mlango palitoka harufu ya mafuta ya cherehani, mbichi, kana kwamba mtu ametoka kuipaka mashine yake. "Hodi," nikasema, nikaionea haya sauti yangu mwenyewe. Hakuna aliyeniambia karibu.

Ikawa hivyo kila kipindi cha kusoma. Mtoto akiteleza, ukuta unagonga. Akisoma sawa, ukuta umenyamaza, na kimya chake kilikuwa kibaya zaidi, kwa sababu kilikuwa kimya cha mtu anayesikiliza. Siku moja niliwasomea hadithi mimi mwenyewe, nikafunua kurasa mbili kwa pamoja bila kujua.

Ngo.

"Mwalimu, rudi nyuma!" watoto wakanicheka. Nilirudi nyuma. Nina shahada, na nimewafundisha watoto miaka mingi kwamba vivuli ni vivuli tu. Lakini tangu siku ile niliacha kukiegemeza kiti changu kwenye ukuta ule.

Siku ya shukrani ilipokaribia, Mwalimu Mkuu alikitaka chumba. Alipanga kukifanya sebule ya kuwapokelea wafadhili, yenye makochi na zulia. Alimwita mlinzi avunje kitasa asubuhi ile ile aliyompangia shangazi wa binti aje kushuhudia mtihani. Watoto wote walikuwa uwanjani wakipanga viti. Mlinzi alikuja na mtaimbo, akauegemeza mlangoni, akauachia.

"Mzee, mlango huu mimi sivunji. Jana nimemsikia bibi akikohoa humo ndani."

"Bibi amekufa!"

"Ndiyo maana sivunji."

"Nipe hicho chuma," akasema Mwalimu Mkuu, akakunja mikono ya shati. Shangazi alisogea nyuma yangu. Mkuu aliinua mtaimbo, na kabla hajaushusha, ndani ya kitasa kitu kilizunguka. Taratibu, kama mtu asiye na haraka. Mlango ukafunguka.

Gizani alisimama yule binti. Kidoleni alivaa kastabini, na kwa kuwa ilimpwaya alikuwa amekizungushia kidole uzi ili isianguke.

Shangazi alishika kifua. "We mtoto! Utaniua mimi!"

Mambo yakajieleza yenyewe. Bibi, alipohisi kifua kinamzidi, alikuwa amempa mtoto ufunguo na kastabini. Nasi tulipomfukuza darasani, hakwenda kukaa kwenye benchi la ofisi, na mkuu hakuwahi kutoka kumwangalia. Alikuja humu, akajifungia, akawasikiliza wenzake kupitia ukuta. Nilihisi faraja ikinishuka mgongoni kama maji. Kisha nikahisi kitu kingine, nikamgeukia mkuu.

"Umeelewa ulichokiona? Mtoto uliyesema hajui kusoma amekuwa akilisahihisha darasa langu zima. Vitabu vyetu anavikumbuka kwa moyo. Mimi mwenyewe alinirudisha nyuma."

"Kugonga ukuta si kusoma," akajibu. Alichukua kitabu kilichokuwa juu kabisa ya rundo la vitabu vipya vilivyoletwa kwa ajili ya sherehe vikarundikwa ngazini, akampa binti. "Asome hiki. Hapa hapa, mbele yangu."

Tukaingia ndani, naye akamkazia macho. Mlinzi naye akamkazia macho kutoka mlangoni, na shangazi, maskini, akamkazia zaidi ya wote.

"Soma basi, mama," shangazi akambembeleza. "Soma tuondoke hapa."

Midomo ya binti ilitetemeka ikafungwa. Mkuu alianza kutikisa kichwa, taratibu, kama mtu aliyekwisha kuamua tangu nyumbani kwake. Ndipo nilipokumbuka.

"Naomba tugeuke," nikasema. "Sote. Asitazamwe."

"Mwalimu, tumekuja kucheza kombolela?"

"Dakika chache tu. Masikio yako yatatosha."

Shangazi aligeuka wa kwanza, akayatazama madawati mabovu. Mlinzi akageuka bila kuambiwa tena. Nadhani alikuwa anatafuta sababu ya kutotazama ndani. Mkuu aliguna, akaelekea dirishani. Nilimvua binti kastabini ili mikono yake ishike kitabu vizuri, nikaitia ndani ya kopo la nyuzi, nikalifunika, nikalipakata. Katika kapu la bibi, kando ya meza, mlikuwa na shati la sare ambalo bibi aliliacha katikati ya mshono, sindano ingali imechomekwa. Nikaketi kwenye kiti chake, nikainama, nikaendeleza mshono.

Kisha sauti ikaanza.

Ilikuwa nzito kuliko nilivyotarajia, yenye mikwaruzo, sauti ya mtu anayeamka. Ilikwenda polepole lakini ilikwenda. Alisoma ukurasa wa kwanza, akafunua. Nilitaka kulia, sindano ikanichoma kidole, nikapoteza nilichokuwa nikisikia. Kumbe hapo hapo alikuwa ameruka mstari, nami sikujua.

Ngo.

Binti alinyamaza, akarudi nyuma, akausoma mstari ule, akaendelea mpaka mwisho wa hadithi. Alipofunga kitabu sote tulikuwa tumegeuka.

"Nani amegonga?" Mwalimu Mkuu aliuliza. Alinitazama mimi. Nilimwonyesha mikono yangu: mmoja una sindano, wa pili una damu kidogo. Kopo lilikuwa bado limefunikwa mapajani. Upande wa pili wa ukuta darasa lilikuwa tupu. Na sauti haikutoka ukutani hata hivyo. Ilitoka mezani, pale kwenye ukingo uliobonyea kwa kugongwa miaka yote ile.

Binti peke yake hakushtuka. Alimtazama mkuu kwa upole, kama anayemsaidia mwanafunzi mzito, akasema sentensi yake ya kwanza mbele yetu.

"Mimi huwa nawagongea wa darasani. Mimi nikikosea, huwa anagonga mwenyewe."

Mlinzi hakuwapo tena mlangoni. Mwalimu Mkuu alipangusa paji la uso. "Abaki darasani kwake," alisema hatimaye, na akatoka akiusahau mtaimbo. Habari ya makochi haikutajwa tena. Shangazi alimshika binti mkono kana kwamba anamtoa motoni, akasita, akauachia.

"Kesho usichelewe shule," akamwambia.

Siku ya shukrani ilifika. Waliotoa rangi walipigiwa makofi. Jina la fundi cherehani halikutajwa, na kipaza sauti kilipoletwa kwangu nilisimama nikalitaja mimi, nikaeleza kazi yake yote mpaka wageni walipoanza kutazama saa. Watoto walisikia siku hiyo kwamba bibi amekufa. Hawakulia nilivyohofia. Mmoja aliuliza tu kama kesho atakuwepo.

Sasa baada ya chakula cha mchana mimi ndiye ninayekaa chini ya ngazi. Watoto wanasoma, binti yule ana kastabini na anawagongea, nami nawashonea sare bila kuwatazama. Nashona vibaya, kazi hii sikuzaliwa nayo. Jana mshono wangu ulikwenda upande bila mimi kuuona. Binti alikuwa ametoka kunywa maji, na kastabini ilikuwa shingoni mwake kwenye uzi.

Ngo, ikasema meza.

Nikafumua.