Barua ya Dhamana ya Valerian

Mzee Kalisti alifika nyumbani kwangu Ngokolo Jumatano asubuhi, mwezi Juni mwaka 1985, nikiwa nafunga mlango niende shuleni. Alikuwa balozi wetu wa nyumba kumi na mzee wa kanisa. Alivua kofia kabla hajafika kizingitini.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, Mwalimu. Fungua tena mlango, tuingie ndani."

Alinisubiri nikae. Kisha akasema, "Ni Valerian. Duara, shimo la kuchimbia dhahabu, limewafukia jana huko machimboni, upande wa Katoro. Ujumbe umepitia simu ya polisi. Wenzake wawili wametoka wazima, yeye hakuwahi. Pole sana, mayu, mama yangu."

Sikulia wakati ule. Mzee Kalisti aliendelea kuzungumza kwa sauti ya chini, kwamba nisihangaike na lolote, gari la kumleta marehemu atalitafuta yeye, na vijana wa kuchimba kaburi atawapanga yeye. Niliitazama mikono yake ikizungusha ile kofia. Ndugu yangu alikufa akimchukia mzee huyu, na aliyemfanya amchukie ni mimi.

Valerian alikuwa mdogo wangu wa mwisho. Wazazi wetu walipofariki alikuwa na miaka tisa, nikamlea kwa mshahara wangu wa ualimu. Darasani hakuwa mzito, ila kichwa chake kilikuwa kwenye magari. Alipopata leseni akiwa na miaka ishirini na moja, aliishonea mfuko wa nailoni, akawa anaivaa kifuani hata akienda kanisani. Bwana Ramesh, mwenye kinu cha mafuta ya pamba, alimpa lori. Kila Jumapili kabla ya misa ya pili alikuwa amekwisha kulisugua hadi magurudumu.

"Utaliosha hadi rangi itoke," nilimwambia siku moja.

"Dada, hili ndilo mchumba wangu. Wewe ulitaka niende kwa mchumba nikiwa nimemwacha na tope?"

Msimu wa pamba wa mwaka 1982 malori yalikuwa machache na spea hazipatikani. Wakulima wa Kishapu walikaa na pamba ghalani majuma mengi. Lori likifika, dereva alipokewa kama bwana harusi. Alitengewa kiti, na kibuyu cha pombe ya mtama kikawa kinamngoja. Kukataa kibuyu kwa wenyeji wa kule ni kuwaambia kwamba pombe yao ina kasoro. Madereva wakubwa walijua kugusa kwa midomo na kurudisha. Valerian alikuwa na miaka ishirini na mbili, na hakutaka kuonekana anaringa. Siku moja alipitia vituo vitatu, vyote vitatu akanywa.

Alasiri, akirudi mjini, alilivamia kundi la ng'ombe lililokuwa linavuka barabara. Wawili walikufa, lori likalala mtaroni na pamba ikamwagika. Mtu hakuumia. Polisi walimpeleka hospitali, daktari akamwambia atembee juu ya mstari uliochorwa sakafuni, akashindwa. Aliandikiwa mashitaka mawili, kuendesha gari akiwa amelewa na kuendesha kwa uzembe.

Dhamana ilikuwa wazi. Alitakiwa mdhamini mmoja, mtumishi wa serikali, mwenye barua ya balozi inayothibitisha makazi yake. Karani wa mahakama aliponisomea sharti hilo niliona kama limeandikwa kwa jina langu. Bwana Ramesh naye alinitumia neno kwamba nikimtoa kijana nje atamwekea wakili, maana dereva yule ni mzuri na kosa ni la kwanza. Wakili angeweza kumwombea faini, na pengine leseni isiguswe sana.

Nilikwenda kumwona mahabusu. Askari wa zamu alimwita kwa kejeli, "Dereva! Weka breki hapo, una mgeni. Ndoo utaiendesha baadaye." Wenzake wakacheka. Valerian alikuwa amebeba ndoo ya choo. Aliitua, akajipangusa mikono kwenye suruali.

"Shikamoo, dada."

"Marahaba."

"Nimekuaibisha."

Sikumjibu kwamba hapana. Naye akaliona hilo.

"Barua ya balozi tu, dada. Kesi inatajwa Jumatatu. Nikiwa nje nitajitetea. Humu ndani sina hata gia ya kurudi nyuma." Alijaribu kucheka.

Jumamosi jioni nilikwenda kwa Mzee Kalisti. Nilikuwa kiongozi wa kwaya, na wiki mbili kabla nilikuwa nimewasomea akina mama wa jumuiya yetu maneno makali juu ya ulevi wa vijana. Nilipoingia uani niliwakuta wanne kati yao wamekaa mkekani na mke wa balozi wakichambua mchele. Wote wakainua vichwa.

"Karibu, Mwalimu," alisema Mzee Kalisti. "Una neno?"

Kulikuwa na shida ya sukari nchi nzima miaka ile, na balozi ndiye aliyeandika vibali vya kwenda navyo duka la ushirika. Nilifungua kinywa changu nikasema, "Nimekuja kuomba kibali cha sukari, mzee."

Aliniandikia kilo moja. Nilishukuru, nikaaga, nikarudi nyumbani na kile kikaratasi mkononi.

Jumapili nilipokea komunyo. Mchana nikaenda mahabusu, Valerian akaniuliza kabla hatujasalimiana, "Ameandika?"

"Amekataa," nilisema. "Amesema hawezi kuweka mhuri wake kwa mlevi."

Neno hilo sijui lilitoka wapi. Valerian alitazama chini, akasema polepole, "Yule mzee mimi nilimbebea kuni za bure mwaka mzima."

Jumatatu mashitaka yaliposomwa, hakimu akauliza kama ni kweli au si kweli, Valerian alijibu, "Ni kweli, mheshimiwa." Sikuwapo, nilikuwa nafundisha. Nilielezwa kwamba hakusema neno jingine. Alifungwa miezi sita, na leseni ikafungiwa miaka mitatu. Bwana Ramesh alingoja wiki moja, kisha lori likapewa mtu mwingine.

Alipotoka hakurudi kuwa yule wa zamani. Alibeba magunia sokoni. Alipokutana na Mzee Kalisti njiani alipita kama anayepita mti, na mzee alibaki na mkono wa salamu hewani. Watu walisema jela imemharibu adabu. Mwisho wa mwaka 1983, serikali ilipoanza kuwakamata wasio na kazi mjini kuwapeleka mashambani, Valerian alifunga mzigo akaenda kwenye dhahabu. Aliniandikia mara nne. Katika barua ya mwisho alisema mwezi wa Agosti adhabu ya leseni inakwisha, atakuja kuiomba upya.

Nilimwungamia padri. Aliniambia ondoleo la dhambi nimepata, lakini kwa yule mzee na kwa ndugu yangu bado nina safari. Nilisema nitakwenda. Ilipita miaka miwili.

Alhamisi mchana gari lilimleta Valerian. Alisindikizwa na Masele, mchimbaji mwenzake, ambaye alilia kuliko mimi. Tulimzika Ijumaa. Kabla ya jeneza kuteremshwa, kama ilivyo kwetu, ndugu wa marehemu husimama akamwombea msamaha kwa wale aliowakosea. Nilisimama mimi, kwa kuwa hapakuwa na mwingine. Nikasema kama kuna aliyekosewa na Valerian, amsamehe leo.

Mzee Kalisti alijibu kutoka upande wa wanaume. "Mimi nimemsamehe. Miaka hii hakunisalimia, na sikujua nimemkosea nini. Basi, imekwisha."

Akina mama wa kwaya waliitikia, "Amina."

Ningeweza kukaa.

"Mzee, hukumkosea," nilisema. "Alitaka barua yako ya dhamana. Mimi nilikuja kwako nikaona aibu mbele ya watu hawa, sikuiomba. Nikamwambia umemkatalia kwa kuwa ni mlevi. Alikufa akiamini hivyo. Kosa si lake."

Hakuna aliyeitikia. Mzee Kalisti alisema, "Ningeiandika, Mwalimu. Hata usiku ningeiandika." Akamgeukia katekista. "Endelea na sala, baba."

Katekista alisoma, kwaya ikaimba bila mimi kuongoza. Vijana waliteremsha jeneza kwa kamba mbili. Nilitupa udongo wangu, Masele akatupa wake, na Mzee Kalisti akatupa wake. Walifukia, wakasimika msalaba wa mbao wenye jina lake na miaka yake, 1960 hadi 1985. Tulinawa mikono kwenye beseni karibu na njia, watu wakanipa pole mmoja mmoja, wengine wakapita bila kusema kitu, na kufikia saa kumi na moja makaburini hapakuwa na mtu.