Bwawa la Mama Mfereji

Mama Mfereji aliamka na hasira, na alikuwa na haki. Kila mwaka ni yale yale: mahindi yanabeba, mto unakauka, na watu wazima na akili zao wanapigania tope mfereji mzima. Yeye ndiye mwenyekiti wa maji, kwa hiyo matusi yote yanamshukia yeye. Ndiyo maana alilishupalia wazo la kujenga bwawa mlimani, likinge maji ya masika na kuyaachia mwisho wa msimu.

Mkutanoni siku hiyo, mpimaji ardhi alipobandika ramani ya bwawa ukutani, ukumbi ulilipuka kwa vigelegele. Mama Mfereji hakupiga hata kimoja. Rangi ya buluu ilikuwa imelifunika bonde la kaka yake, yule aliyemlea wazazi walipofariki: nyumba, zizi, shamba la viazi, vyote chini ya maji.

Alijua tangu mwezi uliopita. Lakini mwenyekiti aliyemtangulia alikuwa akihongwa kuku sebuleni na kugawa zamu za maji apendavyo, na Mama Mfereji alipoingia madarakani akapiga marufuku: maji hayazungumzwi nyumbani kwa mtu, ni ukumbini tu. Basi kila Jumapili alikwenda kula kwa kaka yake, akavisifia viazi, akanyamaza. Ujinga mtupu, na yeye aliuita msimamo.

"Mzee si atahama tu!" akaropoka muuza mbolea. "Nafasi ipo!"

"Funga mdomo!" Mama Mfereji alifoka. "Wewe kibanda chako tu ukiambiwa ukisogeze kidogo unalia mwezi mzima!"

Watu wakaangua kicheko. Kaka yake, aliyekaa nyuma, hakucheka. Alisimama.

"Mdogo wangu, ulijua lini?"

"Mwezi uliopita, kaka."

"Na Jumapili ukaja kula."

"Kaka, sheria yetu hairuhusu..."

"Sijakuuliza sheria." Akavaa kofia yake. "Ungeniambia pale mezani, ningekupa hilo bonde kwa mikono miwili. Sasa lichukueni."

Akaanza kutoka, polepole, kwa mguu wake mbovu. Mpimaji, asiyejua kusoma uso wa mtu, akawaomba wanaokubali wanyooshe mikono. Ikanyooshwa yote, isipokuwa wa Mama Mfereji. Kisha ukumbi mzima ukamgeukia mwenye wazo.

Safari hii hakuwa na wa kumfokea. Akanyoosha mkono, kwa sababu mahindi ya watu yalikuwa yanakauka kweli, na kaka yake alikuwa bado hajaufikia mlango, aone mwenyewe bila kufichwa tena.