Barua yangu imebaki ndani ya ordinateri

Wenzangu wa kikundi chetu, leo nimesoma siri yangu kwenye barua ya mutu mwingine!

Jirani yangu Mama Shantali hajui kusoma. Asubuhi ameniletea barua ya kuombea binti yake nafasi ya shule kule Nyundo. Aliandikiwa kwa ordinateri, ile kompyuta ya mwandishi wa barua pale karibu na soko.

Bon, nikaanza kumusomea kwa sauti: "Baba ya mutoto alituacha, anaishi Goma na mwanamuke mwingine."

Mama Shantali akaruka: "Yesu! Bwana yangu? Si nimemuacha nyumbani anakunywa chai!"

Mi nikarudilia ule mustari kwa macho. Yalikuwa maneno yangu, ya barua niliyoandikisha palepale mwaka jana, ya kuombea mutoto wangu shule.

Mama Shantali akaniangalia. Kisha akaangalia chini.

Nikakimbia kwa yule mwandishi. Hata haya hana!

"Mama, barua yako ilipata jibu muzuri, nikaichunga ndani ya mashini. Kila mutu akikuja, nabadilishaka majina tu."

Kila mutu!

Na mi niliwaambia nyinyi wote kwamba bwana yangu iko kazini Kigali.

Hii nimeandika kwa mukono. Muniambie kweli: nani kati yenu alishajua, akanyamaza?