Fyuzi Mbili Zilizobaki Juu

Harufu ya nguzo mpya ya umeme, ile dawa nyeusi inayotoka jasho juani, hunirudisha kijijini kwetu milimani, juu ya Bombo. Nilikuwa na miaka minane. Dada yangu Naeli alikuwa na kumi na mmoja, na alikuwa amewaganda mafundi wa umeme tangu walipochimba shimo la kwanza. Akajua kila kitu cha juu: vikombe vinavyobeba nyaya, transfoma inayonguruma, na zile fyuzi tatu kama vijiti, pale laini ya kijiji inapoanzia.

“Fyuzi ikiungua, inadondoka na kuning’inia. Ikiwa juu, umeme bado unapita,” alinieleza, huku akinishika kidevu nitazame juu. Mimi niliona vijiti tu.

Asubuhi moja, baada ya upepo wa usiku kucha, tuliamka hakuna umeme. Tulishuka na mama kwenda shule, yeye akiwa na mundu wa kukatia majani ya ng’ombe. Kwenye kona ya mfereji tukakuta waya umelala kwenye njia. Haukuwa na cheche wala mlio. Majani yaliyougusa tu ndiyo yalikuwa yamesinyaa, na hakuna ndege aliyelia.

Jirani yetu, Baba Elinaja, alikuwa amekwisha kukata mti mbichi mrefu wa kuusukumia ule waya.

“Shikamoo, Baba Elinaja,” tulisema.

“Marahaba. Subirini niusogeze, mpite. Umeme umekatika tangu alfajiri.”

Naeli alikuwa anatazama juu, kwenye nguzo ya zile fyuzi tatu. Nikaona midomo yake imekauka.

“Mama, fyuzi iliyodondoka ni moja. Mbili bado ziko juu.”

“Mtoto, kijiji kizima hakina taa,” Baba Elinaja alisema bila kugeuka, akapiga hatua.

Mama alitupa mundu, akamkamata koti kwa mikono miwili na kumvuta hadi wote wawili wakaanguka matopeni. Kwetu mwanamke hamfanyii hivyo mwanaume wa watu. Baba Elinaja alifungua kinywa amgombeze, lakini mbwa wake, aliyezoea kumtangulia, akaurukia ule waya na kuukanyaga.

Hakubweka. Alikakamaa, akalala, na manyoya yake yakaanza kutoa moshi.

Baba Elinaja aliutazama ule mti mkononi mwake, kisha akauweka chini taratibu, kama mtu anayelaza mtoto.

Sisi tulisimama upande huu wa njia, mama akazungukia mbali hadi upande wa pili, tukiwarudisha watu, hadi fundi wa umeme alipofika mchana kutoka mjini Same. Alizitoa zile fyuzi mbili kwa fimbo ndefu, ndipo akausogelea waya. Aliuliza ni nani aliyetambua kwamba waya bado una umeme. Naeli alijificha nyuma ya mama.

Kwa miaka mingi niliamini dada alijua, na mama alijua kwamba anajua. Juzi, Naeli akiwa mama wa watoto wawili, aliniambia hakuwa na hakika. Hakujua fyuzi ipi ni ya waya upi, aliogopa tu. Na mama, hadi leo, hawezi kukuonyesha fyuzi ni ipi na kikombe ni kipi. Asubuhi ile alikuwa na nafasi ya hatua moja tu ya kuchagua amwamini nani, mtu mzima anayeheshimika au binti yake, na nguzo hakuitazama kabisa. Alitazama uso wa Naeli.