Ng'ombe Wangu wa Ndani ya Kioo

Siku ukoo ulipokataa kula chakula changu, waliokuwepo ni hawa. Alikuwepo mzee wa ukoo, baba mdogo wa marehemu mume wangu, ambaye neno lake ndilo lililomaliza mambo yote ya vibanja vyetu, mashamba yetu ya migomba. Alikuwepo shemeji yangu, kaka mkubwa wa marehemu. Alikuwepo wifi yangu, dada yao, aliyeolewa nyumba ya tatu kutoka kwangu hapo hapo Kagondo. Nilikuwepo mimi na wanangu watatu, wasichana wawili na kaka yao aliyekuwa hajaanza shule. Baadaye alikuwepo bwana samaki, ambaye hakuwa ndugu wa yeyote kati yetu. Majina yote ninayo kichwani, na ya baba zao, na hata ya ng'ombe waliofuga. Siyaandiki kwa sababu wengine wameacha wajukuu.

Niseme kwanza tulifikaje hapo. Kwetu ng'ombe tunamtaka kwa samadi kabla ya maziwa, maana kibanja bila samadi kinarudi kuwa rweya, nyika ya majani matupu. Vita vilipokuja tulikimbilia Muleba, nilikozaliwa, na ng'ombe watano. Tulirudi na mmoja, naye hakumaliza mwaka. Halafu ukaja ule ugonjwa tuliokuwa tukiuita silimu, ukimwi wa leo, ukamchukua mume wangu. Watu walinitazama wakingoja na mimi nikonde. Sikukonda. Lakini migomba ilikonda. Mikungu ikawa ya kubeba kwa mkono mmoja.

Shemeji akasema mbele ya mzee, "Mpaka huyu mtoto akue, atarithi majani. Nipeni mimi kibanja nikisimamie." Sisemi alikuwa mtu mbaya. Ila mimi nilijua kibanja kikishasimamiwa, mjane anarudishwa kwao na watoto wanagawanywa kama kuku. Mzee akafikiri, akanipa misimu miwili ya mvua. "Kikiamka, kaa. Kisipoamka, mkamwana, usinililie."

Wakati huo nilikuwa nikifua na kusafisha kwa bwana samaki. Alikuwa mtu wa Musoma, ofisa wa samaki wa serikali, na sebuleni kwake hapakuwa na makochi, palikuwa na matangi matatu ya kioo. Ndani walikuwemo furu, samaki wadogo wa ziwa, wengine wekundu mkiani, wengine wa bluu kama kitenge kipya. Alisema sangara anawamaliza ziwani, kwa hiyo wavuvi wa kisiwa cha Goziba walimletea walio hai kwenye madumu. Chini ya kila tangi aliweka pipa dogo lenye kokoto, mchanga, mkaa na kipande cha sponji ya godoro. Pampu ndogo ya umeme ilizungusha maji humo, uchafu ukabaki kwenye sponji, maji yakarudi meupe.

Kazi ya kwanza aliyonipa kwenye mapipa hayo niliiharibu. Nilifua sponji kwa sabuni na maji ya bomba mpaka ikang'aa kama ya dukani. Kesho yake samaki kumi na mmoja walielea tumbo juu. Nilijua kazi imekwisha. Yeye akashika kichwa, akasema, "Mama, umeosha mno! Kwenye huo uchafu kuna vijidudu vinavyosafisha maji. Sponji tunaikamua kwenye maji ya tangi lenyewe, hayo maji ndiyo tunamwaga."

Kwa hiyo kila Jumamosi nilichota ndoo mbili kila tangi, nikakamua sponji humo, yakawa maji ya kahawia yenye harufu ya zizi. Nilipoinama kuyamwaga mtaroni, pua ikanikumbusha ng'ombe wetu. Nikauliza, "Bwana samaki, haya si samadi?"

Akacheka. "Mavi ni mavi, mama. Chukua."

Ndoo sita kwa wiki haziwezi kunywesha kibanja kizima, hilo niliona mwenyewe, sikuambiwa na mtu. Nikachagua migomba minane karibu na nyumba. Nikachimba shimo, nikajaza maganda ya ndizi, nyasi na majivu, nikawa nayamwagia maji yale. Nyasi zilizokuwa zikikaa miezi mingi bila kuoza ziliiva upesi, nyeusi, zenye joto. Nikazigawia migomba yangu kwa mikono. Ndoo nilifunika kwa jani la mgomba ili maji yasinimwagikie, na kumbe jani hilo ndilo lililoniletea maneno.

Misimu miwili ikaisha. Nikakata mkungu wa kwanza, nikapika ebitoke kwa maharage na dagaa, nikatandaza majani katikati, nikawakaribisha. Hakuna aliyenyoosha mkono. Mvuke ulipanda mpaka ukaisha.

"Kuleni, waitu," nikasema, kwa neno letu la heshima.

Wifi akatazama ukuta. "Tumeshiba."

"Mmeshibia wapi? Mmefika na jua la asubuhi."

"Basi niseme. Kila Jumamosi unabeba ndoo imefunikwa, inanuka. Watu wanajua ni maji ya kuogeshea wagonjwa. Unayamwaga kwenye ndizi halafu unatupikia!"

Sikulia, na hilo bado najisifia. Nilichukua ndoo yangu tupu, nikaiweka kichwani. "Leo ni Jumamosi. Inukeni."

Tulikwenda kwa mstari, mzee mbele na fimbo yake, wanangu nyuma. Bwana samaki alitoka na kaptura, akaona ukoo mzima mlangoni, akadhani ameniletea balaa. Nikamwambia hawa ni wakwe zangu, wamekuja kuniona kazini. Mzee akavua viatu, akaingia, akasimama mbele ya kioo. Furu mmoja mwekundu akamjia puani.

Nikafungua pipa, nikatoa sponji, nikaikamua mbele yao. Maji yakageuka kahawia. Mzee akainama juu ya ndoo, akanusa kama anavyonusa pombe.

"Hawa wanakula nini?"

"Minyoo na dagaa waliosagwa, mzee," bwana samaki akajibu.

"Na haya ndiyo mavi yao?"

"Ndiyo."

Mzee akanigeukia. "Kumbe ng'ombe wako umewaficha huku." Akaanza kucheka, mabega yakitikisika, mpaka shemeji naye akashindwa kujizuia. "Mkamwana, wanakamuliwa?"

"Nimewakamua sasa hivi, waitu."

Aliyebeba ndoo ya kwanza kurudi nyumbani alikuwa shemeji. Hakuna aliyemtuma. Mzee alizunguka migomba minane, akaipapasa, akaitazama na ile mingine iliyokonda, akaingiza mkono kwenye shimo langu. Kisha akaketi, akamega ebitoke vilivyopoa, akala. Wengine wakala. Alipomaliza, akanawa, akasema, "Kibanja kina mtu. Kitakaa kwake mpaka mtoto akue." Mpaka leo sijasikia neno tamu kuliko hilo, na mtoto huyo sasa ana mvi na analima hapo hapo.

Wifi alichelewa. Zilipita wiki kadhaa, ndipo akaja Jumamosi moja na ndoo yake, imefunikwa kwa jani. "Wifi," akasema, "hivi ng'ombe wako hawajazaa?" Nikamgawia ndoo mbili. Nilimchagulia za tangi kubwa, lililokuwa chafu zaidi.

Nimeandika ninavyokumbuka. Mkungu niliopika siku ile naukumbuka kuwa na chane kumi na moja, ingawa wifi alishikilia hadi mwisho kwamba zilikuwa tisa. Ikiwa uko Kagondo, na bibi yako alikuwa akichungulia uani kwangu, tafadhali muulize, na kama nimekosea uniambie nirekebishe. Kuhusu nani aliyekula kwanza, hapo msihangaike, hapo sikukosea.