Kenge wa Kabambare: "majipu" yaliyotaka kumfukuzisha Mama Feza sokoni

Wakuu, hodi humu ndani. Nasimulia nilichokiona kwa macho yangu, na pale nilipokosea sitaparuka.

Mimi ni mwalimu wa biolojia mjini Kasongo. Mwezi uliopita nilipanda pikipiki hadi Kabambare kwa kazi ya mitihani. (Ile barabara inahitaji uzi wake humu jukwaani.)

Asubuhi sokoni nikakuta watu wamemzunguka Mama Feza, muuza nyama ya pori. Alikuwa amepasua kenge, na tumboni mkaonekana vishada viwili vya vidonge vya njano. Vingine kama mtama, vingine kama gololi.

"Iko na majipu! Mutu akikula hii anakufa!" mteja mmoja akapiga kelele.

Mkubwa wa soko alishashika chupa ya petroli, aimwagie nyama yote. Mama angepoteza mzigo, na meza yake pia.

Nikaingia kati. "Ni mayai machanga. Hizi ni ovari. Kila kidonge kinajaa kiini, kinakomaa, kinashuka, ndipo kinapata ganda. Hata kuku iko vile."

Wakuu, hapo nilijichongea.

Meza ya pili walikuwa wanasafisha kuku. Watu wakachungulia tumbo la kuku mmoja: kishada kimoja tu, upande wa kushoto.

"Mwalimu, ya kuku iko moja! Hii iko mbili! Basi iko ugonjwa!"

Wakacheka. Najua vizuri kwamba kuku hubaki na ovari ya kushoto, na reptilia wanabaki na zote mbili. Lakini nani angenisikia tena?

Mama Feza akachukua kisu.

"Hakuna mutu ameniuliza mie. Kila kenge jike iko na mbili, huku na huku. Akikaribia kutaga zinavimba. Akisha kutaga zinanywea."

Akatoa kenge wa pili kwenye kikapu, akampasua mbele yetu. Ovari mbili, zimelegea, zenye punje ndogo tu.

"Huyu alishataga. Majipu yake iko wapi, baba?"

Mkubwa wa soko akafunga chupa. Yule mpiga kelele akakohoa: "Basi, mama, nikatie mukia."

Nilichojifunza: elimu yangu ilikuwa sahihi, mfano wangu ndio ulikuwa mbovu. Kuku si kipimo cha kila kiumbe kinachotaga. Na kabla ya kufundisha, muulize kwanza mwenye kisu.

Wanaopasua kobe na nyoka, kwenu jike mnamkutaje ndani? Wenye kubisha pia karibuni, nipo.